Pointi 10 za banda la jua: kisa cha kuchagua kaushio la mwani Mikindani

Jedwali lililoletwa mezani kwangu mwezi Mei lilikuwa limepangwa vizuri. Mawazo matatu, vigezo sita, hesabu sahihi, na chini kabisa jina la mshindi limepigiwa mstari kwa wino mwekundu: banda la jua, pointi 370. Kamba za kuning'iniza zilipata 360, chanja 315. Wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho wa stashahada ya uhandisi mitambo walikuwa wamesimama mlangoni wakisubiri saini yangu ili wakanunue mbao na nailoni. Nilisaini.

Siku 40 baadaye walirudi kunieleza kwamba wanataka kuliacha banda. Kisa hiki ni cha siku hizo 40 na zilizofuata. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu jedwali la aina hii linatumika karibu katika kila mradi wa kubuni ninaousimamia hapa Mtwara, na kwa muda mrefu nimeamini kwamba kazi yangu ni kukagua kama alama zimejumlishwa sawasawa. Zilijumlishwa sawasawa. Lakini kati ya zile alama 18 zilizojaza jedwali, hakuna mtu, mimi nikiwemo, aliyeuliza ipi imeandikwa kwa kujua na ipi kwa kukisia.

Kazi yenyewe

Kikundi kilichohitaji kifaa ni cha wanawake 14 wanaolima mwani katika kijiji kimoja kando ya ghuba ya Mikindani. Kilimo cha mwani cha biashara nchini kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kikitanguliwa na utafiti alioufanya Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Kikavuka kuja bara, na leo maji yakipwa katika mwambao wa Kilwa, Lindi na Mtwara utaona safu za vigingi zimechomoza mchangani, kamba zimefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na wanawake wameinama wakifunga mbegu. Wengi hulima aina iitwayo spinosamu. Aina nyingine, kotonii, ina bei nzuri zaidi lakini haivumilii maji ya moto, hupauka na kukatikakatika. Zote mbili husafirishwa zikiwa kavu kwenda viwandani, huko hutolewa karajinani, ile inayozuia aiskrimu isitengane na dawa ya meno isiwe majimaji.

Ugumu uko kwenye kukausha. Kijijini pale mwani ulikuwa unaanikwa chini, juu ya makuti. Upepo huingiza mchanga, mbuzi hupita juu yake, na mvua ikinyesha maji hukusanyika chini ya makuti na mwani ukaoshwa, ukapauka. Wakala wa mnunuzi akifika huchota konzi moja kutoka gunia la katikati, hulikung'uta juu ya kiganja kingine, na kinachobaki kiganjani ndicho kinachoamua bei. Nilimshuhudia mmoja akifanya hivyo. Hakusema neno. Alimwonyesha mama kiganja chake chenye mchanga, akaandika.

Jambo jingine ambalo wanafunzi walilisikia mapema lakini hawakulitia jedwalini ni kwamba mwani hauvunwi siku yoyote mtu anapotaka. Wakulima hushuka shambani wakati wa bamvua, mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapopwa mbali. Siku za maji mafu shamba halifikiki kwa miguu. Kwa hiyo mzigo huja wote kwa pamoja ndani ya siku chache, na kaushio linalotosha nusu ya mzigo ni sawa na kuuacha nusu nyingine chini kwenye makuti.

Kura iliyozunguka

Mawazo matatu yalitoka kwa wanafunzi wenyewe na yote yalikuwa mazuri. Chanja: meza ndefu ya mirunda iliyotandikwa nyavu kuukuu, urefu wa kiunoni. Kamba: mwani usifunguliwe kwenye kamba yake ya shambani, utundikwe hivyohivyo juu ya miti ya mlalo upepo uupige pande zote. Banda la jua: fremu ya mbao iliyofunikwa nailoni angavu, ndani kuna vitanda vya wavu, joto la jua linabaki ndani na mvua haiingii.

Kabla ya jedwali walijaribu kura. Wawili walilitaka banda kwanza, kamba pili, chanja mwisho. Wawili walizitaka kamba, kisha chanja, kisha banda. Wa tano, binti wa Newala ambaye baba yake ni seremala, aliitaka chanja, kisha banda, kisha kamba. Wakaona mbili, mbili, moja haiamui kitu, wakashindanisha mawazo mawili mawili. Banda likaishinda kamba kwa 3 kwa 2. Kamba ikaishinda chanja kwa 4 kwa 1. Wakashangilia: basi banda limeshinda wote. Binti wa Newala akawaambia wamalizie la mwisho, banda na chanja. Chanja ikashinda kwa 3 kwa 2.

Walidhani wamekosea kuhesabu, wakarudia, ikawa vilevile. Hawakukosea. Mfaransa Condorcet alikwisha kuonyesha mwaka 1785 kwamba watu wenye akili timamu, kila mmoja akiwa na mpangilio wake ulionyooka, wanaweza kupiga kura za mbilimbili na kupata duara lisilo na mshindi. Hapo mtu anayepanga kura ipi ianze ndiye anayechagua. Kundi la mradi likikuambia "tulipiga kura", waulize walipiga kwa mpangilio gani.

Baada ya duara lile wakakimbilia jedwali, na ndipo ninapoona kosa la kwanza lilipoingia. Walilichukua jedwali kama mwamuzi wa ugomvi. Walikuwa wamechoka kubishana, wakataka namba ziseme kwa niaba yao.

Jedwali lilivyokuwa

| Kigezo | Uzito | Chanja | Kamba | Banda |
|---|---|---|---|---|
| Gharama | 15 | 4 | 4 | 1 |
| Kasi ya kukausha | 25 | 3 | 4 | 4 |
| Usafi | 15 | 4 | 5 | 4 |
| Kinga ya mvua | 20 | 2 | 2 | 5 |
| Urahisi wa kutengeneza | 10 | 5 | 4 | 2 |
| Ubunifu | 15 | 2 | 3 | 5 |
| Jumla | 100 | 315 | 360 | 370 |

Kila alama, 1 hadi 5, imezidishwa kwa uzito wa kigezo chake, kisha zikajumlishwa. Tazama mstari wa mwisho kabla ya jumla. Ubunifu, uzito 15. Ubunifu ni wa manufaa kwa nani? Mama anayeanika mwani haongezewi shilingi kwa sababu kaushio lake halijawahi kuonekana. Kigezo kile kiliingia kwa sababu fomu ya kusahihishia mradi ina alama za ubunifu, na wanafunzi si wajinga, wanajua nani atawasahihisha. Chuo sikitaji, na sidhani ni chuo kimoja tu. Ila matokeo yake ni haya: ondoa mstari ule, kamba zinabaki na 315, banda 295, chanja 285. Banda lilishinda kwa alama za wasahihishaji. Vigezo vya mtumiaji na vigezo vya darasa vikichanganywa kwenye safu moja, cha darasa hukaa kimya kama kigezo kingine chochote na kuamua shauri lote.

Nilipoketi nao baadaye tukafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya saini. Tukachukua tofauti kati ya wa kwanza na wa pili, pointi 10, tukauliza kila alama ya banda: ukishuka kwa moja, nini kinatokea? Kasi ikishuka kutoka 4 hadi 3, pointi 25 zinaondoka na banda linabaki na 345, nyuma ya kamba. Kinga ya mvua ikishuka kwa moja, 350. Usafi, 355. Hata urahisi wa kutengeneza, kigezo chepesi kuliko vyote, ukishuka kutoka 2 hadi 1, banda na kamba zinalingana, 360 kwa 360. Ushindi mzima ulikuwa unasimama juu ya kila alama kuwa sahihi kabisa.

Kisha swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito: katika hizi, ipi mnaijua? Gharama waliijua, walikuwa wamezunguka maduka ya vifaa mjini na nailoni ya banda moja peke yake ilikula zaidi ya nusu ya bajeti. Urahisi wa kutengeneza waliujua kiasi, binti wa Newala alikuwa amekadiria siku za kazi. Kasi? Kimya. Kijana wa Nachingwea, aliyekuwa na wazo la banda tangu mwanzo, akasema, "Mwalimu, ndani ya nailoni ni joto. Lazima ikauke haraka." Kasi ilikuwa na uzito mkubwa kuliko vigezo vyote, na alama yake iliandikwa kwa neno "lazima".

Kitu ambacho hakikuwa jedwalini

Njia ya kulinganisha mawazo kwa jedwali ilienezwa na mhandisi Mwingereza, Stuart Pugh, aliyefundisha ubunifu katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow. Jedwali lake halikuwa na alama 1 hadi 5 wala uzito. Unachagua kitu kimoja kiwe msingi wa kulinganishia, aghalabu kile kinachotumika sasa, kisha kila wazo linaandikiwa alama ya kujumlisha kama linakizidi, ya kutoa kama liko chini yake, na S kama yako sawa. Hakukusudia jumla itoe mshindi. Alitaka watu waone wazo zuri lina alama ya kutoa wapi, wajaribu kuiponya kwa kuazima kwa wenzake, na wazo jipya litakalozaliwa liingizwe jedwalini nalo lipimwe.

Wanafunzi wetu hawakuwa na msingi wowote. Makuti ya chini, njia ambayo wanawake 14 wanaitumia kila bamvua, hayakuwemo. Ndiyo maana chanja ilionekana dhaifu. Tulipoiweka mbele ya makuti, chanja ilipata jumlisha kwenye usafi, kasi na hata mvua, kwa sababu maji hayasimami chini yake. Ilipata toa moja tu, gharama. Wazo lililoburuta mkia kwa 315 lilikuwa hatua kubwa kwa mtu anayeanika chini. Simaanishi kwamba chanja ndiyo ingechaguliwa. Namaanisha kwamba jedwali lisilo na hali ya sasa linashindanisha ndoto kwa ndoto.

Tukarudi kijijini, wote sita, kwa daladala hadi Mikindani na bodaboda kutoka hapo. Mwenyekiti wa kikundi ni mama wa makamo ya juu, mfupi, mwenye sauti ya chini. Vijana walimwamkia, akaitikia marahaba kwa kila mmoja peke yake, akawakaribisha kwenye mkeka. Wakamfungulia michoro mitatu. Aliitazama ya banda kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa nailoni.

"Hili zuri, wanangu. Linaingia mwani wa nani?"

Hawakuelewa. Akaeleza. Banda la meta 2 kwa 4 lina eneo la meta 8 za mraba. Yeye peke yake kwa bamvua moja huleta pwani viroba visivyopungua kumi. Wanafunzi walipopiga hesabu, kwa kutandaza kilo 6 kila meta ya mraba, banda lilimeza kilo 48 kwa mara moja. Mzigo wake ungehitaji mabanda manne au matano, na yeye ni mmoja kati ya 14.

Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo nalitumia darasani. "Na mvua ikinikuta niko peke yangu?"

Swali lile lina msimu wake. Kuanzia Oktoba hadi Desemba korosho zinaanguka, na anayeweza kutembea anakwenda shambani kuokota. Wanaobaki pwani ni wachache. Miezi hiyohiyo ndiyo mvua za kwanza huanza kunyesha bila taarifa. Wanafunzi waliandika "kinga ya mvua" wakimaanisha paa. Yeye alimaanisha dakika: tangu wingu lionekane upande wa bahari hadi tone la kwanza, mikono miwili ya mama mmoja inaweza kuokoa mwani kiasi gani? Hicho ni kigezo kingine kabisa, na hakuna mwanafunzi aliyeketi darasani mjini angekipata kwa kuwaza.

Jaribio la kilo 20

Hatukujenga kifaa chochote kamili. Nilisisitiza hilo, na kama kuna kitu kimoja ninachokisimamia katika kisa hiki ni hicho: tulijenga kiasi kinachotosha kujibu alama moja yenye shaka. Fremu ya banda ya meta 1 kwa 2, nailoni ya kipande. Meza ya nyavu kuukuu tulizopewa na wavuvi wa Feri. Miti miwili na mlalo mmoja wa kutundikia. Na makuti chini, kama kawaida. Kila sehemu iliwekwa kilo 20 za mwani wa shamba moja, uliovunwa asubuhi moja, mizani ya kuning'inia ileile. Ilikuwa Julai, kusi inavuma.

Siku ya kwanza saa 7 mchana kijana wa Nachingwea aliingiza mkono bandani akautoa haraka kwa joto. Alifurahi. Saa 8 akaniita. Upande wa ndani wa nailoni ulikuwa umejaa matone, makubwa, yamejipanga kama shanga kwenye mteremko wa paa, na kila upepo ulipoitikisa nailoni yalidondoka kurudi juu ya mwani. Tulikaa tukiyatazama. Joto lilikuwa linatoa maji kwenye mwani vizuri kabisa, lakini maji hayakuwa na pa kwenda. Hewa ya ndani ilishashiba unyevu. Nje, hatua tatu kutoka pale, kusi ilikuwa inaupiga mwani wa kambani na kuondoka na unyevu wote.

Jioni ya siku ya pili tukapima. Kamba, kilo 3.9. Chanja, 4.4. Makuti, 5.5. Banda, 6.1. Wanunuzi wengi hukubali mwani wenye unyevu wa takriban asilimia 35 hadi 40, na kwa mzigo ule ilikuwa ni kufikia kilo 3 na kidogo. Kamba zilifika hapo siku ya tatu mchana.

Sitaki msomaji aondoke akidhani mabanda ya jua hayafanyi kazi. Wiki iliyofuata kijana wa Nachingwea alikata matundu ya hewa pande zote mbili na kuinua bomba la kutolea hewa juu, na banda likaikaribia chanja. Ila matundu yaliyotosha kutoa unyevu yalitosha pia kuingiza mvua ya upepo, kwa hiyo ile 5 ya kinga ya mvua haikuwa 5 tena. Alama mbili za banda zilikuwa zinavutana, na kwenye jedwali ziliandikwa kana kwamba kila moja iko peke yake. Hiyo ndiyo hasara nyingine ya kujumlisha: haionyeshi kwamba ukipandisha hii unashusha ile.

Wazo la nne

Kamba ziliongoza kwa kasi na kwa usafi, zikashindwa vibaya mahali pawili ambapo jedwali halikuwa na mstari wake. Kwanza, kamba ya shambani iliyojaa mwani mbichi ilikuwa na kilo 18 hadi 22. Kuinyanyua hadi juu ya kichwa kuitundika ni kazi ya watu wawili wenye nguvu. Mama mwenyekiti alijaribu mara moja, akaishusha, akasema tu, "Hii ya vijana." Pili, kuwahi mvua. Kutundua kamba kumi moja moja mtu mmoja hawezi kuwahi.

Hapo ndipo jedwali la Pugh lilipofanya kazi yake. Binti wa Newala aliuliza kwa nini kamba zisisukumwe kama pazia. Mlalo uwe laini, kamba ziteleze zikusanyike upande mmoja, na upande huo uwe na kipande kifupi cha turubai kwa juu. Huna haja ya kufunika eneo lote kama banda, unafunika sehemu ile tu mwani unapokimbilia. Turubai hakuna nyumba isiyo nalo, ndilo wanaloanikia korosho na ufuta.

Mlalo wa mrunda haukuteleza, magome yalikamata. Bomba la chuma lingeteleza lakini chumvi ingelila. Wakavalisha mrunda bomba la plastiki la maji, likakubali. Kulabu za kwanza walikunja kwa nondo nyembamba. Baada ya wiki mbili mama mwenyekiti aliwaonyesha mwani uliokuwa karibu na kulabu: alama za kahawia, kutu. Yeye mwenyewe akaja na kulabu za panda za mpera, kila moja imechongwa shingo. Mpaka sasa ndizo zinazotumika, na kwenye mchoro wa mwisho zimeandikwa hivyo, "panda ya mpera", pamoja na vipimo. (Nguzo nazo walitaka ziwe boriti za mikoko, maana ziko karibu. Mikoko haikatwi bila kibali. Zikawa mirunda.)

Uzito wa kunyanyua ulitatuliwa na chanja. Usiku wa kwanza kamba inalazwa juu ya meza ya nyavu, maji yanachuruzika, asubuhi imepungua vya kutosha na mlalo umeshushwa hadi usawa wa bega lake yeye, si la mwanafunzi. Tulimpima akiokoa mzigo peke yake: kwenye chanja, kukusanya mwani na kuufunika, dakika 11. Kwenye pazia, dakika 2 na sekunde kadhaa, na hizo sekunde ni za kukaza kamba ya turubai.

Kuna gharama yake. Mwani sasa unashikwa mara mbili badala ya mara moja, na hiyo ni kazi ya ziada kwa watu ambao tayari wamechoka na bahari. Wanawake wawili katika kikundi walisema wazi kwamba wangependa chanja peke yake, ndefu, basi. Hoja yao ina mashiko na tumeiandika.

Uamuzi na kinachoweza kuuvunja

Kijana wa Nachingwea hakukubali, na nilimwomba asikubali kwa ajili ya kumaliza kikao. Hoja yake: jaribio lote lilifanyika wakati wa kusi, hewa kavu, upepo wa kutosha. Januari na Februari kukiwa na mvua na hewa nzito, kamba zilizosukumwa chini ya turubai siku mbili mfululizo zitaoza au zitarudisha unyevu, na hapo banda lenye matundu huenda likawa bora. Sina jibu la kumpa, kwa sababu hatujapima. Kwa hiyo uamuzi uliandikwa kwa namna ambayo sikuwahi kuidai kwa kundi lolote kabla: tunachagua pazia, na tutaliacha ikiwa katika bamvua mbili za msimu wa mvua mzigo utachukua zaidi ya siku tano kufikia uzito wa kuuza. Chini yake majina matano, na karibu na la kwake ameandika kwa mkono, "nimeafiki kujaribu".

Jedwali la zamani lilibaki kwenye ripoti, na pembeni ya kila alama wakaweka herufi: P kama imepimwa, U kama imeulizwa kwa watumiaji, K kama ni kukisia. Lile la Mei lilipopitiwa hivyo lilikuwa na K 11 kati ya alama 18. Jipya lina K 3. Siku ya kuwasilisha mmoja wa wasahihishaji aliuliza ubunifu uko wapi, maana turubai, mirunda na bomba la plastiki vyote ni vitu vya kawaida. Binti wa Newala alimpa panda ya mpera aishike, akamweleza kutu. Alama walizopata zilikuwa za wastani mzuri. Ningewapa zaidi, na nilisema hivyo kikaoni.

Fomu ya kusahihishia haijabadilika. Ninachokifanya kwa makundi ya mwaka huu ni kukataa kusaini jedwali lisilo na safu ya hali ya sasa na lisilo na zile herufi tatu, na ubunifu naagiza uandikwe kwenye karatasi yake peke yake.

Mizani ya kuning'inia tumemwachia mama mwenyekiti, pamoja na daftari lenye mistari ya kujaza: tarehe, kamba ngapi, kilo za kuanika, kilo za kushusha, mvua au jua. Ana bamvua nne zimejazwa. Kurasa za Januari na Februari kijana wa Nachingwea amezipigia mstari yeye mwenyewe, na amesema atapanda basi kuja kusoma mizani kwa macho yake.